Utambuzi wa mwathirika: mtumishi wa umma anafundishwa kuona nini?

Ukitaja usafirishaji haramu wa binadamu, wengi wanaona lori. Limefunikwa turubai, ni usiku, mpaka uko karibu, na ndani vijana wamerundikana. Hayo yapo kweli. Vijana wa Ethiopia wamekamatwa Tanzania miaka nenda rudi wakiwa njiani kwenda Afrika Kusini, na Juni 2012 zaidi ya 40 walikutwa wamekufa mkoani Dodoma baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Lakini picha hiyo ya lori imewaponza waathirika wengine wengi, waliosafiri mchana kweupe kwa basi na tiketi mkononi, au kwa ndege na viza halali kabisa.

Shida inaanzia kwenye jina lenyewe. Neno "usafirishaji" linatufanya tukodolee macho barabara, wakati sheria inatazama kwingine. Itifaki ya Palermo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, ambayo ndiyo iliyozaa sheria ya Tanzania ya 2008 na ile ya Kenya ya 2010, inalijenga kosa hili juu ya mambo matatu. La kwanza ni kitendo: kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumhifadhi au kumpokea. La pili ni njia: nguvu, vitisho, ulaghai, au kutumia vibaya unyonge wa mtu. La tatu ni lengo, nalo ni kumnyonya, kwa kazi ya kulazimishwa, kwa ngono, kwa utumwa, hata kwa kumtoa kiungo. Ona kwamba kuhifadhi na kupokea vimo. Mtu anaweza kuwa mwathirika bila kuvuka mpaka wowote, na anayempokea ana kosa hata kama hakukanyaga stendi.

Hapo ndipo inapokuja dhana ya utambuzi. Kwa ufupi, utambuzi wa mwathirika ni kazi ya kumwona mtu kuwa ni mwathirika kabla yeye mwenyewe hajasema, na kumpeleka mahali anapoweza kusaidiwa. Kabla hajasema, kwa sababu mara nyingi hasemi. Hajui kwamba yaliyompata yana jina kwenye sheria. Anaogopa. Anadaiwa. Anaona aibu kurudi kijijini mikono mitupu baada ya kuagwa kwa matumaini. Na kubwa kuliko yote, siku anapokutana na serikali kwa mara ya kwanza, anakutana nayo akiwa mtuhumiwa: hana kibali, kaiba kwa bosi, katoroka kazini, anajiuza. Afisa ana kifungu cha sheria tayari mkononi. Mafunzo yapo ili asite kidogo kabla ya kukitumia.

Tuchukue mfano. Ni jioni, kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi. Basi la Singida limeingia. Anashuka binti wa kama miaka 15, ana kibegi kimoja na kandambili zilizoisha kisigino, na mwanamke aliyevaa vizuri amemshika mkono. Askari anauliza, "Huyu nani wako?" Mwanamke anajibu haraka, "Mtoto wa dada yangu, nimemchukua nimsomeshe." Askari asiyefundishwa anaishia hapo, maana jibu ni zuri na mama ana heshima zake. Aliyefundishwa anamwomba mama asubiri pembeni, anamwita askari mwenzake wa kike, na binti anapewa pa kukaa na maji ya kunywa.

"Umekula, mwanangu?"

"Bado."

"Huyu mama unamwitaje?"

"Anti."

"Anti nani?"

Kimya.

"Utasoma shule gani?"

"Sijaambiwa. Kwanza nitalea mtoto."

"Namba ya mama yako unayo?"

"Ilikuwa kwenye karatasi. Karatasi kaichukua anti."

Hakuna aliyemuuliza kama ameuzwa. Swali hilo halifai kitu, kwani hata aliyeuzwa hajui, na asiyeuzwa atalia. Yaliyoulizwa ni mambo ya kawaida, na majibu yake ndiyo yaliyosema. Hajui jina la anayemwita anti. Kaahidiwa shule isiyo na jina. Uzi pekee wa kumrudisha kwa mama yake umo kwenye pochi ya mtu mwingine.

Je, huo ni ushahidi? Hapana, na mafunzo mazuri yanalisisitiza hili. Kwetu mtoto kulelewa na shangazi au mama mdogo ni jambo la kila siku, na wengi tunaoandika na kusoma leo tulisomeshwa hivyohivyo. Kumkamata kila mwanamke anayeongozana na mtoto asiyemzaa ni kuumiza watu wasio na hatia na kuharibu jambo jema la jamii zetu. Wala si kila msichana wa kazi ni mwathirika. Sheria ya kazi ya Tanzania inaruhusu kuanzia miaka 14 kazi nyepesi zisizomdhuru mtoto. Dalili moja inampa afisa sababu ya kuendelea kuuliza, basi. Apige simu kwa mama wa binti kwa simu yake mwenyewe, si ya yule anti. Amtafute mtendaji wa kijiji anakotoka. Amhusishe afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi.

Dalili hizo kwa lugha ya kazi huitwa viashiria. Shirika la Kazi Duniani, ambalo lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa kwenye kazi za kulazimishwa, lina orodha ya viashiria 11 vya hali hiyo, miongoni mwake kushikiliwa hati, kunyimwa mshahara, kuzuiwa kutembea, kutengwa na watu, deni lisiloisha, na vitisho. Orodha ni rahisi kuikariri. Kigumu ni kuiona ikiwa imevaa nguo za kawaida. Kushikiliwa pasipoti kutaelezwa kuwa "bosi anaitunza isipotee". Kunyimwa mshahara kutaitwa "tunamwekea akiba". Kuzuiwa kutoka kutaitwa "mji huu mbaya, tunamlinda". Kwa hiyo afisa anafundishwa maswali yanayopenya maelezo hayo: Ukiitaka pasipoti yako leo, utapewa? Mshahara wa mwezi uliopita aliupokea nani? Ukitaka kuondoka kesho, nini kitatokea?

Mtego mkubwa kuliko yote ni neno "alikubali". Utalisikia polisi, utalisikia hadi mahakamani: alikubali mwenyewe, wazazi wake walikubali, alisaini. Itifaki imelijibu moja kwa moja. Kukubali kwa mwathirika hakuhesabiki pale ambapo njia zile za ulaghai au nguvu zimetumika, kwa sababu aliyekubali kazi ya hotelini hakukubali alichokikuta. Na kwa mtoto, yaani yeyote aliye chini ya miaka 18, hata hiyo njia haihitaji kuthibitishwa. Kitendo na lengo vikiwapo, inatosha. Ningependa kila mwenyekiti wa mtaa alijue hili moja, hata kama mengine yote atayasahau, maana ni yeye anayeletewa kesi za mabinti waliofukuzwa usiku na kuombwa "kuyamaliza kifamilia".

Watu huchanganya pia usafirishaji haramu na magendo ya wahamiaji. Kwenye magendo mtu analipa avushwe mpaka, na akifika kila mtu anashika njia yake. Kwenye usafirishaji haramu kufika ndiko mwanzo wa mateso. Ila hayo mawili hugeukana njiani. Kijana aliyelipa kwa hiari anaweza kufungiwa kwenye nyumba fulani, bei ikapanda, na ndugu zake wakapigiwa simu wakimsikia akipigwa. Kwa hiyo afisa uhamiaji aliyekamata lori na kuhesabu vichwa hajamaliza kazi. Anatakiwa azungumze na mmoja mmoja, kwa mkalimani ambaye hakutoka ndani ya kundi lilelile, kwani anayejitokeza kuwasemea wenzake anaweza kuwa ndiye msimamizi wao.

Upande wa pwani, na hasa Zanzibar na Mombasa, mazungumzo haya hayakwepi Uarabuni. Wanawake wengi wamekwenda Oman na nchi jirani zake kufanya kazi za ndani, wapo waliofanikiwa na kujenga, na wapo waliorudi na makovu. Mfumo wa kafala unamfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemdhamini, na akiondoka nyumbani humo bila ruhusa anaweza kuripotiwa kuwa ametoroka. Sasa fikiria amefika getini kwa ubalozi wa nchi yake, hana pasipoti, hana simu, na jalada lake linasema "mtoro". Afisa wa ubalozi anayelisoma neno hilo peke yake atamwona mkosaji. Anayejua viashiria atauliza kwa nini mtu mzima akimbie bila viatu na aache mshahara wa miezi minne.

Sura za waathirika nazo zinabadilika. Miaka ya karibuni Wakenya na Waafrika wengine wameahidiwa kazi za kompyuta Thailand, wakajikuta wamefungiwa Myanmar wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Hao wana shahada, wana Kiingereza kizuri, na uwanja wa ndege wanapita wakitabasamu. Afisa aliyefundishwa kumtafuta binti mwenye kandambili hatawaona kamwe, ndiyo maana semina moja ya siku mbili haitoshi.

Kuna jambo moja ambalo mafunzo peke yake hayawezi kulitibu. Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo mwaka 2002 kwamba mwathirika asiwekwe ndani wala kushtakiwa kwa makosa aliyoingizwa humo kwa sababu ya usafirishaji, kama vile kuingia nchini bila kibali. Lakini afisa akishamtambua, amlaze wapi usiku huo? Nyumba salama ni chache na nyingi zinaendeshwa na mashirika yasiyo ya kiserikali. Nimesikia hoja kwamba heri basi alale mahabusu kuliko barabarani. Siikubali. Binti aliyelala mahabusu asubuhi hasemi tena, na kesi imekufia hapo.

Jioni ile ya Mbezi, kabla ya lolote jingine, kuna namba ya 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, na kuna karatasi. Askari anaandika maneno ya binti kama alivyoyasema, bila kuyapamba: "Kwanza nitalea mtoto." Anaandika namba ya basi, jina la aliyemkatia tiketi, na namba ya simu iliyomwita anti stendi. Kisha anamwomba yule mama aitoe ile karatasi yenye namba ya nyumbani.