Je, wajua kwa nini manusura wengi wa Holokosti, yale mauaji ya mamilioni ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi wa Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, walikaa kimya miaka na miaka?

Wengi tunadhani jibu ni jepesi, kwamba mtu aliyetoka kambi ya mauaji kama Auschwitz ana uchungu mwingi mpaka maneno hayatoki. Kuna ukweli hapo, ila manusura wengi wenyewe wamesema kingine kabisa: walitaka kuongea, tena sana tu, waliokosekana ni wa kuwasikiliza.

Mchukue Simone Veil, Myahudi wa Ufaransa. 1944, ana miaka 16, anapakiwa kwenye treni na mama yake na dada yake Milou mpaka Auschwitz, kufika tu mfungwa mmoja anamwambia aseme ana 18, na pengine hilo ndo lilimwokoa maana watoto na wazee walikuwa wanapelekwa moja kwa moja kuuawa kwenye vyumba vya gesi. Akachorwa namba mkononi, 78651. Mama akafia kambi ya Bergen-Belsen Machi 1945, baba na kaka hawakurudi kabisa. Wayahudi waliosafirishwa kutoka Ufaransa walikuwa kama 76,000, waliorudi ni kama 2,500 tu.

Sasa vita vimeisha, Simone yuko nyumbani. Dada yake mwingine, Denise, alikamatwa kwa kupigana chinichini dhidi ya Wajerumani akafungwa kambi ya Ravensbrück, na huyo watu walimwalika akasimulie kwa sababu nchi ilikuwa na kiu ya habari za mashujaa. Simone na Milou wakianza kusimulia, watu wanawakatiza. Halafu kuna hafla moja Ujerumani, miaka ya 50 mwanzoni, ofisa mkubwa Mfaransa akaiona ile namba, akatabasamu, akamuuliza kama ndo namba ya koti lake alilokabidhi mapokezi. Jamani! Baada ya hapo Simone alivaa mikono mirefu kwa miaka. Kwangu hicho ni kikatili kuliko watu wanavyodhani, maana aliyeuliza hakuwa Nazi, alikuwa mtu wa kwao.

Upepo ulianza kugeuka 1961, Adolf Eichmann, aliyesimamia usafirishaji wa Wayahudi kwenda kuuawa, aliposhtakiwa Jerusalem na mashahidi zaidi ya 100 wakasikika, mpaka redioni.

Simone mwenyewe akawa waziri wa afya 1974, na 1979 rais wa Bunge la Ulaya, watu wakasifu ustahimilivu wake, na ni kweli alikuwa nao, ila mi naona tunasifu haraka mno bila kujiuliza ule mzigo nani alimwachia aubebe peke yake.

Na haya si ya Ulaya tu. Esther Mujawayo, manusura wa mauaji ya kimbari Rwanda, aliwahi kukaa na Simone wakaongea kwa kirefu, mazungumzo yakachapishwa 2004. Naye aliyapitia hayohayo, ukianza kusimulia unaambiwa basi, inatisha mno. Yeye ni mmoja wa wajane walioanzisha AVEGA, chama cha wajane wa mauaji hayo, baada ya 1994, wakawa wanasikilizana wenyewe kwa wenyewe.