"Hapa" ya localhost ni ya nani?

Juzi nimetumiwa tena linki ya WhatsApp: http://localhost:3000, na chini yake, "Kaka icheki basi, API ya mipangilio imekubali." Nikaicheki. Simu ikasema hakuna kitu. Kijana akalaumu bando langu.

API ya mipangilio yenyewe si jambo kubwa. Ukurasa wa wavuti hauruhusiwi kuchokonoa faili za kompyuta utakavyo, kwa hiyo unaandika programu ndogo, yaani seva, inayosoma faili, tuseme mipangilio.json, na kuupelekea ukurasa yaliyomo kwa HTTP, lugha ya kivinjari na seva, kila ukiomba. Mistari ishirini inatosha.

Tatizo ni hiyo localhost, inayotajwa kama vile ni jina la mahali. Neno host ni la zamani: waraka wa kwanza kabisa wa RFC (nyaraka za kanuni za mtandao), wa Aprili 1969, uliitwa "Host Software". Kompyuta za ARPANET, mtandao uliotangulia Intaneti, zilikuwa mashine kubwa, watu wengi wakizitumia kwa zamu au kwa pamoja, kila mmoja kwenye kituo chake. Mashine ilikuwa na wageni, nayo ndiyo mwenyeji. Ongeza local, unapata mwenyeji wa hapa.

Hapa wapi sasa? Nikikupigia simu kutoka Tanga nikasema "niko hapa", huinami kunitafuta uvunguni mwa kitanda chako. Unajua "hapa" ni ya msemaji. Localhost ni hivyohivyo: ni "hapa" ya mashine inayoitamka. Kwa kawaida hugeuzwa kuwa anwani ya namba, 127.0.0.1, na ombi linalokwenda huko halitoki nje ya mashine hiyo. (Anwani zote zinazoanza na 127, zaidi ya milioni 16, zilitengwa kwa ajili ya mashine kujisemesha yenyewe. Israfu hiyo tuiache.)

Sasa anayetamka ni nani? JavaScript, yaani maelekezo ya ukurasa, umeiandika wewe, imekaa kwenye seva, lakini inaendeshwa ndani ya kivinjari cha aliyefungua ukurasa. Ukiandika humo fetch("http://localhost:3000/mipangilio"), yaani "niletee", mteja wa Mwanza akifungua, simu yake inajiuliza yenyewe. Kwako ilikubali kwa sababu kivinjari na seva vilikuwa vinalala chumba kimoja. Na siku utakapoitia API kwenye kontena la Docker (kijichumba cha programu kilichotengwa ndani ya kompyuta), localhost ikitamkwa humo ndani itamaanisha kontena lenyewe, wala si kompyuta yako. Hapo ndipo wengi hukesha.

Kuna na wanaosema "iko localhost, kwa hiyo ni siri". Lolote unalokipa kivinjari, mwenye kivinjari anaweza kulisoma. Nenosiri la hifadhidata lisikae kamwe ndani ya mipangilio.json hiyo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiseme faili "liko localhost". Sema liko kwenye mashine ipi. Ndani ya JavaScript yako andika "/mipangilio" tu, bila jina la mashine, kivinjari kitaiomba seva ileile iliyokiletea ukurasa. Ukitaka aliye nanyi kwenye Wi-Fi moja aone, iambie seva isikilize 0.0.0.0 (yaani anwani zote za kompyuta yako, si 127.0.0.1 pekee) kisha mpe anwani ya kompyuta yako, ile ambayo mara nyingi huanza na 192.168. Mimi wa Tanga nisubirishe mpaka uipandishe kwenye seva iliyo mtandaoni. Bando ninalo.