Tarehe ya kipaumbele: jinsi ya kujua ombi la familia la Marekani limefika wapi

Mombasa kuna nyumba nyingi zenye mtu anayesubiri Marekani. Kaka alihamia Minneapolis, akapata uraia, akajaza fomu ya kumwombea dada yake aliyebaki Kisauni, kisha miaka ikaanza kupita. Kila mara dada huyo huingia saiba, huandika namba ya risiti kwenye tovuti ya uhamiaji ya Marekani, na kukuta jibu lilelile: ombi limepokelewa. Miaka kadhaa baadaye jibu linabadilika: ombi limeidhinishwa. Mtaa mzima unampongeza, naye anaanza kuulizia bei ya tiketi. Lakini majibu hayo mawili hayamwambii ni lini atapata viza. La kumwambia hilo ni tarehe moja, na imechapwa kwenye karatasi ambayo pengine imelala kabatini kwa kaka yake.

Tarehe hiyo ndiyo tarehe ya kipaumbele. Kwa maombi ya familia, ni siku ambayo idara ya uhamiaji ya Marekani, USCIS, ilipokea fomu I-130, ile ya kumwombea jamaa, ikiwa sawasawa na ada yake imelipwa. Si siku ombi lilipoidhinishwa, wala si siku ubalozi ulipokuita. Ikaguliwe fomu hiyo kwa mwaka mmoja au mitano, nafasi yako kwenye foleni inahesabiwa tangu siku ilipopokelewa.

Utaipata kwenye barua za fomu I-797 ambazo USCIS humpelekea aliyekuombea. Juu ya barua kuna visanduku vidogo: namba ya risiti, yenye herufi tatu na tarakimu kumi, na kisanduku kilichoandikwa "Priority Date". Kikiwa kitupu kwenye barua ya kupokelewa, kitazame kwenye barua ya kuidhinishwa. Nakusihi, mwambie ndugu yako akupigie picha barua zote mbili leo hii na uzihifadhi zaidi ya mahali pamoja. Watu huhama, simu huibiwa, na bila karatasi hizo unabaki kuuliza bila kujua unachouliza.

Foleni ipo kwa sababu sheria ya Marekani imeweka kikomo. Viza za familia zenye foleni ni kama 226,000 kwa mwaka wa serikali, unaoanza tarehe 1 Oktoba. Kati ya hizo, kaka na dada wa raia wametengewa 65,000 kwa dunia nzima. Wanaoomba ni wengi kupita kiasi hicho, kwa hiyo kundi hilo, linaloitwa F4, husubiri zaidi ya miaka 15. Watoto wa raia waliofika miaka 21 na hawajaoa wala kuolewa wako F1, walio na ndoa wako F3. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha kuishi Marekani daima, ambaye bado si raia anaweza kumwombea mke au mume na watoto wadogo, F2A, au mtoto mkubwa asiye na ndoa, F2B. Ila mume au mke wa raia, mzazi wa raia aliyefika miaka 21, na mtoto wa raia aliye chini ya miaka 21 asiye na ndoa hawapangi foleni hii kabisa. Wao wakichelewa, ni uchakataji wa karatasi tu.

Sasa kuisoma. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa jedwali liitwalo Visa Bulletin, bure, mtandaoni. Mistari ni makundi, F1 hadi F4, na safu ni nchi. Mkenya wa kawaida anatazama safu ya kwanza, ya nchi zote zisizotajwa peke yake. Tuseme kwenye mstari wa F4 unakuta 08JAN08. Maana yake mwezi huo viza inapatikana kwa mwenye tarehe iliyotangulia 8 Januari 2008. Mwenye 8 Januari yenyewe bado. Mwenye Machi 2011 bado sana, hata kama ombi lake liliidhinishwa zamani. Ukikuta herufi C, kundi lote liko wazi na hakuna wa kusubiri tarehe.

Ndani ya Visa Bulletin makundi haya yana majedwali mawili, A na B. La A ndilo la kutoa viza. La B, ambalo tarehe zake mara nyingi ziko mbele kidogo, linaonyesha nani anaweza kuanza kutuma nyaraka. Na usipige hesabu kwamba tarehe itasogea mwezi mmoja kila mwezi. Huweza kusimama palepale muda mrefu, kuruka wiki kadhaa, au kurudi nyuma maombi yakizidi viza zilizobaki. Ikirudi nyuma wewe hujapoteza tarehe yako. Foleni ndiyo iliyosogezwa.

Kuna jambo linalogusa Mombasa hasa, nalo halisemwi vya kutosha. Safu ya nchi hufuata mahali ulipozaliwa, wala haiangalii pasipoti. Mzee mwenye pasipoti ya Kenya aliyezaliwa Gujarat husomewa safu ya India, ambayo kwa F4 huwa nyuma zaidi. Hata hivyo, mkewe akiwa amezaliwa hapa Mombasa na wanasafiri pamoja, wanaweza kutumia nchi ya kuzaliwa ya mke. Familia nyingi hazijui hata kuuliza.

Ombi likishaidhinishwa, faili hutoka USCIS na kwenda Kituo cha Taifa cha Viza, NVC, kilichoko Portsmouth, New Hampshire. Hapo unapewa namba mpya. Kwa wanaohojiwa Nairobi huanza na NRB. Tangu hapo namba ya risiti haina la kukuambia, na anayeendelea kuitazama ataona "imeidhinishwa" hadi achoke. Fuatilia kwa namba ya NRB kwenye tovuti ya CEAC ya Wizara ya Mambo ya Nje. Baada ya mahojiano ubalozini Gigiri, tovuti hiyo huweza kuonyesha neno "Refused" wakati wanachosubiri ni cheti kimoja tu au uchunguzi wa ziada, kwa hiyo soma kwanza karatasi uliyopewa dirishani kabla ya kuanza kulia.

Ada za NVC, dola 120 za hati ya mdhamini na dola 325 za kila msafiri, hulipwa mtandaoni kupitia akaunti ya benki ya Marekani, na huombwa tarehe yako inapokaribia. Anayekwambia umtumie ada hizo kwa M-Pesa "asukume faili" anakuibia. Hakuna broka wa Mwembe Tayari wala wa Nairobi anayeweza kuisogeza tarehe ya kipaumbele hata kwa siku moja, kwa kuwa imewekwa na sheria. Inaniuma kuona mama anauza dhahabu yake kununua mwendo usiouzwa.

Yapo mambo yanayoweza kulivunja ombi wakati unasubiri, na kubwa zaidi ni ndoa. Binti wa mwenye grini kadi, aliye F2B, akiolewa kabla mzazi hajawa raia, ombi linakufa papo hapo. Nikaha ni ndoa, Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inaitambua, na kusema "hatujafanya harusi kubwa" hakusaidii. Mzazi akiwa raia kwanza, binti akiolewa huhamia F3 na tarehe yake ileile, ingawa foleni ni ndefu zaidi. Familia ikae izungumze kabla ya posa kujibiwa.

Tena, mume mwenye grini kadi akipata uraia, mkewe hutoka kwenye foleni mara moja, lakini watoto waliokuwa wamefuatana naye kwenye ombi lake hawamfuati tena. Kila mmoja anahitaji I-130 yake. Wengi hugundua hili wakati mama amekwisha kupangiwa mahojiano.

NVC ikikuarifu kwamba zamu yako imefika, una mwaka mmoja kuchukua hatua. Kwa waliosubiri miaka 15 barua pepe hiyo huenda kwenye anwani iliyosahaulika tangu simu za kubonyeza, basi sasisha anwani yako na ya aliyekuombea, na ingia CEAC walau mara moja kila mwaka.

Na kama aliyekuombea amefariki, usichane karatasi. Ombi lililokuwa limeidhinishwa kabla ya kifo hufutwa, lakini USCIS inaweza kuombwa ilirejeshe kwa sababu za kibinadamu, ndugu mwingine wa karibu aliyeko Marekani akisimama mdhamini badala ya marehemu. Ambatanisha cheti cha kifo, barua ya kuidhinishwa na hati ya mdhamini huyo mpya.