Tunachokitarajia katika simu janja ijayo: dhana potofu na ukweli wake

Kila mwaka unapokaribia Septemba, mwezi ambao Apple imezoea kuzindua iPhone mpya, na tena katika miezi ya mwanzo ya mwaka, Samsung inapoleta Galaxy S, mazungumzo ya wapenzi wa simu hujaa matakwa yaleyale: megapikseli zaidi, betri kubwa zaidi, RAM (kumbukumbu ya muda ya programu zinazotumika) zaidi, chaji ya haraka zaidi. Hamu hiyo inaeleweka, kwa sababu kwa watu wengi wa kwetu simu ndiyo kompyuta pekee waliyo nayo, na humo humo imo pochi ya fedha, kamera ya shughuli za familia na duka la mfanyabiashara mdogo. Kwa sababu hiyohiyo ni muhimu matakwa yenyewe yasimame juu ya ufahamu wa namna kifaa kinavyofanya kazi. Kampuni hutengeneza kile kinachoulizwa na wanunuzi, na mnunuzi anayeulizia namba moja tu hupewa namba hiyo, hata pale ambapo mambo yenye uzito zaidi yamepunguzwa ili bei isipande.

Megapikseli nyingi, picha nzuri

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kamera ya megapikseli 200 hupiga picha bora mara nne kuliko ya megapikseli 50. Megapikseli ni hesabu ya nukta zinazounda picha, nukta milioni moja kwa kila megapikseli. Hesabu hiyo haisemi lolote kuhusu usahihi wa rangi, uwezo wa kuona gizani wala ubora wa lenzi. Kinachoamua zaidi ni kiasi cha mwanga kinachofika kwenye kihisi, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, na kiasi hicho hutegemea ukubwa wa kihisi chenyewe na upana wa tundu la lenzi. Tuchukue Galaxy S23 Ultra ya mwaka 2023. Kihisi chake kina nukta milioni 200, kila moja ikiwa na upana wa mikrometa 0.6 tu, na nukta ndogo kiasi hicho hukusanya mwanga kidogo sana. Kwa hiyo katika matumizi ya kawaida simu huziunganisha nukta 16 zilizo jirani zikafanya kazi kama nukta moja yenye upana wa mikrometa 2.4, na picha inayohifadhiwa huwa ya megapikseli 12 hivi. Anayetaka picha ya megapikseli 200 lazima aichague mwenyewe, na faida yake huonekana hasa palipo na mwanga mwingi.

Wazo hilo si geni. Nokia 808 PureView ya mwaka 2012 ilikuwa na megapikseli 41, na shabaha ya wahandisi wake ilikuwa kuzikusanya nukta hizo ili watoe picha safi ya megapikseli 5. Apple nayo ilibaki na megapikseli 12 kwenye kamera kuu tangu iPhone 6s ya 2015 hadi iPhone 13 ya 2021, na katika miaka hiyo yote picha ziliendelea kuwa bora kwa sababu kilichobadilika kilikuwa kihisi, lenzi na programu zinazochakata picha.

Anayeumia zaidi kwa dhana hii ni mnunuzi wa simu ya bei nafuu. Huwekewa kamera kuu yenye namba kubwa na kihisi kidogo, kisha pembeni yake huongezwa kamera mbili za megapikseli 2 ambazo hazitumiki karibu kwa lolote, ili nyuma ya simu paonekane pana macho matatu au manne. Ningefurahi kuona swali la dukani likigeuka na kuwa hili: je, kamera hii inampigaje mtu mwenye ngozi nyeusi usiku, ndani ya nyumba yenye taa moja? Tecno ilijijengea jina katika soko la Afrika kwa kurekebisha kamera zake zifae ngozi nyeusi, na Google ilianza kufanya kazi ya namna hiyo kwa uwazi katika Pixel 6 ya mwaka 2021. Kazi yenyewe hufanyika ndani ya programu na haina namba ya kuandikwa kwenye boksi, ingawa ndiyo inayoamua kama sura ya bibi arusi itaonekana kama alivyo au itageuka kijivu.

Kuvuta kitu cha mbali nako kuna dhana yake. Maandishi ya kuvuta mara 100 hayamaanishi kwamba lenzi inafika huko. Katika Galaxy S23 Ultra, lenzi yenyewe huvuta mara 10; kinachobaki ni kukata kipande cha picha, kukikuza na kukisafisha kwa programu. Machi 2023 suala hili lilijadiliwa sana baada ya mtumiaji mmoja kuweka picha ya mwezi aliyoififisha kwa makusudi kwenye kioo cha kompyuta, akaipiga kwa simu ya Samsung, na simu ikatoa mwezi wenye mashimo na mikunjo ambayo haikuwamo kwenye picha ya awali. Samsung ilieleza kwamba programu yake hutambua kuwa kinachopigwa ni mwezi, kisha huongeza undani. Anayetaka kumpiga picha mwanawe aliye jukwaani kutoka kiti cha nyuma hawezi kutegemea msaada huo, kwa maana programu haikufundishwa sura ya mwanawe.

Betri na chaji

Watu huulizia milliampea-saa, ile mAh inayopima chaji ambayo betri inaweza kubeba, kana kwamba ndiyo saa za matumizi. Simu mbili zenye mAh 5,000 zinaweza kupishana kwa saa kadhaa, kwa kuwa matumizi ya umeme huamuliwa na kioo, chipu na mtandao. Mtandao ndio unaosahaulika mno. Simu iliyo mbali na mnara hulazimika kutuma mawimbi kwa nguvu kubwa zaidi na kutafuta mnara mwingine mara kwa mara. Ndiyo maana chaji inayokaa siku nzima mjini huisha kabla ya alasiri ukiwa ndani ya basi la masafa marefu, hata kama hukuigusa simu yenyewe.

Wengine hudhani kampuni zilikataa kuvuka mAh 5,000 kwa uchoyo tu. Nafasi na uzito vina sehemu yake, lakini iko pia sababu ya usafirishaji: kanuni za kimataifa za bidhaa hatari huilegezea masharti seli ya lithiamu isiyozidi watisaa 20 (watisaa ni kipimo cha nishati), na mAh 5,000 kwa volti 3.85 ni watisaa 19 na kidogo. Anayetaka kuzidi hapo hulazimika kugawa betri katika seli mbili au kukubali masharti mazito zaidi. Hata hivyo tumaini la betri kubwa ni la haki. Tangu Honor ilipotumia betri ya silikoni na kaboni katika Magic5 Pro iliyouzwa China mwaka 2023, simu kadhaa zimevuka mAh 6,000 na hata 7,000 bila kunenepa.

Kuhusu kuchaji, bado kuna wauzaji wanaomwambia mteja aichaji simu mpya saa 8 kabla ya kuiwasha, kisha kila mara aiache iishe kabisa. Ushauri huo ulifaa betri za nikeli. Betri za lithiamu-ioni, ambazo Sony iliziingiza sokoni mwaka 1991, hazina haja nao, na kuzimaliza hadi sifuri kila siku huzichosha mapema. Kuacha simu kwenye chaja usiku kucha hakuijazi kupita kiasi, kwa kuwa saketi yake hukata umeme inapojaa. Adui wa betri ni joto, na joto hupatikana simu inapochajiwa chini ya mto au ikiwa imewekwa juu ya dashibodi ya gari penye jua. Wati zinazotangazwa nazo ni kilele tu. Simu hupokea umeme mwingi mwanzoni, kisha hupunguza kadiri inavyokaribia kujaa, na haitafika kilele hicho ikiwa chaja na waya havielewani nayo.

Kuna pia matumaini kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya itaturudishia simu za kufungua mfuniko kwa ukucha. Kanuni ya betri ya Umoja huo inataka, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe kwa vifaa vinavyopatikana kirahisi, lakini kwa simu kuna msamaha: ile isiyopitisha maji, ambayo betri yake inabaki na asilimia 83 baada ya mizunguko 500 ya chaji na asilimia 80 baada ya mizunguko 1,000, inaweza kuendelea kubadilishwa betri na fundi. Simu nyingi za bei ya juu zina nafasi ya kupitia mlango huo.

Kuzuia maji

Alama ya IP68 hueleweka kama ruhusa ya kuogelea na simu. Tarakimu ya 6 ni ya vumbi. Ya 8 ni ya kuzamishwa katika maji kwa kina na muda ambao mtengenezaji mwenyewe ameutaja, mara nyingi mita 1.5 kwa nusu saa, na maji hayo ni matamu, yametulia, ndani ya maabara. Bahari ya Hindi si maji ya namna hiyo. Chumvi hula sehemu za metali za tundu la kuchajia, na mawimbi husukuma maji kwa nguvu ambayo kipimo hakikuizingatia. Zaidi ya hayo, kinga yenyewe ni gundi na mpira, vitu vinavyochakaa kwa umri na kwa kuanguka, na ambavyo havirudi vilivyokuwa fundi anapofungua simu kubadilisha kioo bila kuweka gundi mpya. Novemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya yuro milioni 10 kwa matangazo ya kuzuia maji yaliyopotosha wateja, na Juni 2022 Samsung iliamriwa nchini Australia kulipa dola milioni 14 za nchi hiyo kwa kosa linalofanana.

RAM inayoongezwa

Boksi huandikwa GB 16, na chini kwa herufi ndogo huelezwa kuwa ni 8 na 8. Nane za pili ni sehemu iliyokopwa ya hifadhi ya kawaida, ile inayotunza picha na faili, na kasi yake haikaribii ya RAM halisi: RAM ya LPDDR5X inaweza kufika takriban GB 68 kwa sekunde, ilhali hifadhi ya UFS 4.0, ambayo ni ya simu za bei ya juu, husoma GB 4.2 hivi. Simu za bei ya chini hutumia hifadhi iliyo nyuma zaidi ya hiyo, kwa hiyo GB 6 za kweli huweza kukufaa kuliko 4 na 4.

Mtandao na satelaiti

Vodacom ilizindua 5G Tanzania Septemba 2022, na Safaricom ikafuata Kenya mwezi uliofuata, na tangu hapo imeenea dhana kwamba 5G hula bando. Faili la GB 1 ni GB 1 kwa mtandao wowote. Kinachotokea ni kwamba programu za video, zikiona kasi ipo, huchagua ubora wa juu zaidi, jambo unaloweza kulizuia katika mipangilio. La kuangalia kabla ya kununua simu iliyotoka ng'ambo ni kama inapokea masafa ya mawimbi ya mtandao wako, kwani neno 5G pekee halitoshi.

Satelaiti nayo imeibua matumaini makubwa kwa wanaoishi mbali na minara. Huduma ya dharura ya iPhone 14 ilianza Novemba 2022 Marekani na Kanada, nayo ilikuwa ya kutuma ujumbe mfupi wa maandishi ukiwa mahali pa wazi, wala haikuwa ya kupiga simu. Antena kuwamo ndani ya simu hakuwezi kukusaidia ikiwa huduma haijafunguliwa katika nchi uliyopo.

Masasisho

Hapa ndipo ninapoona tumaini la msingi kuliko yote, na ndilo linalotajwa kidogo. Wengi huyakwepa masasisho ya programu ya simu wakiamini kwamba kampuni huyatumia kuifanya simu ya zamani iwe nzito ili ununue mpya. Dhana hiyo ina chanzo. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba sasisho lake lilipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, kwa maelezo kwamba lengo lilikuwa kuzuia simu isizime ghafla. Februari 2020 Ufaransa iliitoza faini ya yuro milioni 25 kwa kutowaambia wateja. Lakini mwenye simu hiyo aliyebadilisha betri alirudishiwa kasi yake. Anayekataa masasisho yote hubaki na matundu ya usalama yanayojulikana na wezi wa mtandaoni, katika kifaa kilekile anachotumia kutuma na kupokea pesa.

Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung ikaahidi vivyo hivyo kwa Galaxy S24 Januari 2024. Si anasa ya simu ghali peke yake, kwani Galaxy A16 ya mwaka 2024, simu ya bei nafuu, iliahidiwa miaka 6. Muda huo huhesabiwa tangu toleo hilo la simu lilipoingia sokoni kwa mara ya kwanza, wala si tangu siku uliyoinunua, na hapo ndipo wengi hujikwaa: anayenunua Galaxy S24 mwaka 2027, hata ikiwa ndani ya boksi ambalo halijafunguliwa, amebakiwa na miaka minne.