Filta ya Oili Kufungika Haina Maana Kwamba Inafaa

Wengi huamini kwamba filta yoyote ya oili inayofungika vizuri kwenye injini inafaa, na kwamba tofauti iliyobaki ni bei tu. Si kweli, kwani kinachoilinda injini kimo ndani ya kopo la filta, mahali ambapo jicho halifiki.

Humo, pamoja na karatasi ya kuchujia iliyokunjwakunjwa, kwa kawaida mna vali mbili. Ya kwanza, kipande chembamba cha mpira, huzuia oili isitoke kwenye filta na kurudi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, gari linapozimwa. Mpira huo ukikakamaa kwa joto, asubuhi utasikia injini ikigongagonga kwa sekunde kadhaa kabla ya oili kufika juu, na hapo ndipo vyuma husagana. Ndiyo maana napendelea mpira wa silikoni, unaostahimili joto zaidi. Vali ya pili hufunguka karatasi inapoziba au oili inapokuwa nzito kwa baridi, ili injini isikose oili kabisa, ijapokuwa itapita bila kuchujwa. Shinikizo la kuifungua hutofautiana baina ya injini, kwa hiyo fuata namba ya filta iliyopendekezwa na mtengenezaji wa gari lako.