Azimio la kila siku si nadhiri, jamani

Nimelisikia tena neno nadhiri Jumamosi iliyopita kwenye jumuiya, ile ya sala ya majirani Wakatoliki. Tumemaliza kusoma Injili, tunashirikishana, zamu ikafika kwa dada mmoja jirani yangu, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hii ni wiki ya tatu hapokei komunyo kwa sababu "nimevunja nadhiri". Nadhiri gani? Mwanzo wa mwaka aliamua kila siku ataamka saa 11 alfajiri, asali, asome sura moja ya Biblia kabla watoto hawajaamka, akaenda vizuri tu mpaka mtoto wa mwisho alipoumwa malaria, akakesha naye siku 4, zile alfajiri 4 zikapita hivihivi, na alipokuja kufungua tena Biblia macho yakaangukia Mhubiri 5 pale panaposema uwekapo nadhiri kwa Mungu usikawie kuiondoa. Akafunga kitabu. Hajakifungua tena.

Mama mmoja mtu mzima akamjibu "nadhiri si kitu cha kuchezea mwanangu", tukaingia kwenye matoleo na matangazo, tukafunga kwa sala. Mimi nikarudi nyumbani na lile neno limenikaa kifuani, maana sio yeye peke yake. Kila mwezi wa kwanza kwenye magrupu yetu ya WhatsApp watu wana nadhiri, nadhiri ya kutokunywa soda, nadhiri ya kutogombana na mume, nadhiri ya kumaliza Biblia nzima kwa mwaka, na ikifika mwezi wa tatu nusu yao wanatembea wameinamisha vichwa kama wadaiwa. Wakati walichokuwa nacho toka mwanzo kilikuwa azimio.

Azimio ni uamuzi wa moyo juu ya jambo moja linaloeleweka utakalolifanya au utakaloliacha. Azimio la kila siku ni lile linaloanza asubuhi na kuishia usiku wa siku hiyohiyo. Maana yake ndo hiyo, haina zaidi. Kazi iko kwenye kulitofautisha na majirani zake.

Tuanze na neno lenyewe. Limetoka kwenye Kiarabu, azm, yaani kukaza nia, kuukusanya moyo uliotawanyika ukakaa kwenye kitu kimoja. Wenzetu Waislamu wanalo kwenye Kurani, Sura ya Aal Imran aya ya 159, kwamba ukishaazimia basi mtegemee Mungu, na naupenda sana huo mfuatano wa kukaza nia kwanza halafu kuegemea. Sisi tunalo kwenye Danieli 1:8, Biblia ya Union, ile tafsiri ya Kiswahili ya zamani, imetumia kitenzi hikihiki, Danieli "aliazimu moyoni mwake" kwamba hatajitia unajisi kwa chakula cha mfalme. (Watoto wa kipaimara waliwahi kuniuliza Danieli aliazima nini, na swali ni la haki kabisa maana sikio halitofautishi kirahisi, ila kuazima sufuria kwa jirani ni neno jingine.) Sasa soma kinachofuata pale. Haijaandikwa kwamba Danieli aliapa. Haijaandikwa kwamba alimwekea Mungu sharti. Alikaza moyo, kisha akainuka akaenda kumwomba ruhusa mkuu wa matowashi, alipoona yule anaogopa akaenda kwa msimamizi, na akaomba wajaribiwe siku 10 tu. Siku 10! Kijana aliyechukuliwa mateka mpaka Babeli hakusema "maisha yangu yote", alisema tujaribu siku 10 halafu mtutazame. Azimio lake lilikuwa na kitu cha kula na kitu cha kutokula, lilikuwa na mtu wa kuongea naye na mwisho wa kulipima.

Kwenye mzizi huohuo wa Kiarabu ndo tunapata azima, ile ya watu wa pwani, hirizi au maneno ya kumkinga mtu. Huwa nalifikiria sana hili, maana mzizi mmoja umezaa nia ya moyo na umezaa pia maneno yanayotegemewa kufanya kazi yenyewe bila moyo. Na ndivyo tunavyochanganya mpaka leo. Kuna zile meseji zinazorushwa asubuhi zikiwa na kichwa "maazimio ya leo", ukisoma ndani unakuta leo mimi ni kichwa si mkia, leo milango inafunguka, leo adui zangu wanaaibika. Mimi sina ugomvi na mtu anayekiri Neno la Mungu asubuhi, Kumbukumbu la Torati 28 ipo na ni yetu wote. Lakini huo ni ukiri, au tamko, au maombi ukipenda. Azimio ni jambo la wewe kufanya. Njia rahisi ya kuvitenganisha ni kusubiri jioni ujiulize, "nimefanya au sijafanya?" Kama swali lina jibu, lilikuwa azimio. Milango kufunguka utaijibiaje, wakati mfungua milango si wewe?

Nadhani huu mkanganyiko umesaidiwa kidogo na matumizi ya serikali na vyama, tumezoea azimio likiwa ni karatasi inayosomwa kwa sauti mbele ya watu. Ila hata hilo maarufu kuliko yote, Azimio la Arusha la 1967, halikuwa tamko tupu. Mle ndani kiongozi aliambiwa asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Yaani vitu ambavyo unaweza kumwendea mtu nyumbani ukamuuliza, mzee, ile nyumba ya kupangisha umeiacha au bado unayo?

Haya, nadhiri. Hapa naomba nitulie kidogo.

Nadhiri ni ahadi anayopewa Mungu mwenyewe. Asili ni Kiarabu tena, nadhr, na Waebrania wana neder, ukiyatamka yote mawili unausikia undugu. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 1191, inaieleza kuwa ni ahadi ya makusudi na ya hiari kwa Mungu, juu ya jambo linalowezekana na lililo jema zaidi, na ikishawekwa inapaswa kutimizwa kwa fadhila ya ibada, yaani inakuwa sehemu ya heshima unayomwia Mungu. Ndo maana masista na mabradha wanajiandaa miaka kabla ya nadhiri za useja, ufukara na utii, wanaanza na nadhiri za muda, na zile za daima zinakuja baadaye sana. Hana alipomwomba Mungu mtoto pale Shilo, 1 Samweli 1, aliweka nadhiri, na Samweli alipoachishwa kunyonya mama akampeleka kweli akamwacha hekaluni. Yeftha naye aliweka yake kwa haraka kwenye Waamuzi 11 na machozi ya kumtoa binti yake tunayajua. Hiyo ndo nadhiri, na ukiiangalia kwa karibu unaona ni deni.

Hata Kiswahili cha Biblia kinakwambia ni deni, kama unasoma vizuri. Ile "kuondoa nadhiri" ya Mhubiri 5 watu wengi sa hizi wanaisoma kama kuifuta, kuitangua, nimewahi kumsikia hadi mhubiri kwenye redio akifundisha kwamba Mungu anaruhusu uiondoe nadhiri usipoiweza. Sio hivo kabisa! Kuondoa pale ni kama kuondoa deni, unalilipa likatoka shingoni mwako. Zaburi 116 inasema nitaziondoa nadhiri zangu kwa Bwana, mbele ya watu wake wote, sasa nani anakwenda mbele ya watu wote kutangaza kwamba anafuta ahadi zake? Anakwenda kuzilipa. Kwa hiyo yule dada hakukosea kuogopa ule mstari, aliusoma sawasawa kuliko mhubiri. Alikosea jina tu la kitu alichokuwa nacho.

Maana yeye hakumpa Mungu ahadi ya kujifunga. Nilimuuliza. Aliandika kwenye kidaftari cha mahesabu ya genge, ukurasa wa nyuma, "kila siku kuamka 11 kusali", akapiga mstari chini. Basi. Kutamka neno nadhiri jumuiyani bila kukusudia kujifunga mbele za Mungu hakukufungi, kwa sababu makusudi na hiari ndo mwili wa nadhiri. Na kama kuna msomaji ambaye kweli alikusudia, alimwahidi Mungu kwa akili zake zote na sasa hali imebadilika hawezi, asikae na hofu ndani akakimbia sakramenti, aende kwa paroko wake, kanuni ya 1196 inampa paroko uwezo wa kumfungua mtu wake kutoka kwenye nadhiri binafsi pakiwa na sababu ya haki. Madhehebu mengine nendeni kwa mchungaji mkaongee.

Kuna na hili la "kila siku", nalo linaumiza watu. Tukisikia kila siku tunasikia siku 365 bila kukatika, na hizi apu za Biblia zimelikoleza, zinakuhesabia siku mfululizo, ukikosa moja inarudi sifuri na moyo nao unarudi sifuri. Lakini kila siku ya Injili ni tofauti. Mathayo, Marko na Luka wote wameandika lile neno la kujikana na kuchukua msalaba, Luka peke yake, 9:23, ndo ameongeza "kila siku", na msalaba wa kila siku unabebwa leo, kesho una wake. Mana, kile chakula toka mbinguni, jangwani iliokotwa ya siku moja, aliyelaza akaamkia mabuu, isipokuwa ile ya kuamkia Sabato. Na huruma za Bwana katika Maombolezo 3 ni mpya kila siku asubuhi, hazijasemwa kuwa ni limbikizo la jana. Azimio la kila siku lina urefu wa siku moja, usiku unapofika limeisha, limetimia au halijatimia, na kesho linafanywa upya. Kwa hiyo zile alfajiri 4 za kukesha na mtoto hazikuvunja mnyororo wowote, kwa sababu mnyororo haukuwepo.

Waliofanya haya mambo kwa muda mrefu walijua. Mtakatifu Ignatius wa Loyola kwenye mazoezi yake ya kiroho, kitabu kilichochapwa 1548, anamwambia mtu achukue kosa moja, moja tu, asubuhi akiamka akaze nia kujilinda nalo, mchana ajihesabu ameanguka mara ngapi, jioni tena, na kila akianguka aweke nukta kwenye mistari aliyoichora, siku ina mistari yake miwili, wiki nzima. Ukiitazama ile michoro, mistari inazidi kuwa mifupi kadiri wiki inavyokwenda, ametegemea nukta zitapungua lakini nafasi ya nukta ipo hadi Jumamosi. Mtakatifu Fransisko wa Sale naye alisisitiza tafakari isiishie kwenye hisia nzuri za jumla, ukiguswa na msamaha usiseme nitasamehe wote, amua maneno ya yule jirani fulani leo hayatakukasirisha. Na upande wa Waprotestanti Jonathan Edwards kule Marekani, kijana bado, 1722 hadi 1723, aliandika maazimio 70, na juu kabisa kabla ya la kwanza akaweka kwamba hawezi lolote bila msaada wa Mungu na anaomba neema ayashike kadiri yanavyokubaliana na mapenzi yake, halafu akajikumbusha kuyasoma mara moja kwa wiki. Mtu hawezi kujikumbusha kusoma kila wiki kitu anachotegemea hatakisahau.

Sisi wenyewe tunalo toka utotoni tu tumelizoea mpaka hatulisikii. Sala ya Nia Njema, ile ya asubuhi, inasema "wala dhambi sitatenda", mstari mzito kweli huo, na haichukui muda inamalizia "nipe Bwana neema zako, niongeze sifa zako". Na sala ya kutubu vilevile, "basi sitaki kukosa tena", halafu papo hapo "naomba neema yako nipate kurudi". Angalia hiyo nipate kurudi. Aliyeitunga sala alijua huyu mtu anayesema sitaki atatoka hapo na atahitaji njia ya kurudi, na hakuona kwamba hilo linalifanya azimio kuwa uongo.

Jumatatu jioni nilikwenda kwake, nikamkuta anachambua mchele kwenye ungo, mtoto amepona anazunguka na tairi uani. Nikamsomea Danieli 1, tukaiongelea ile ya siku 10, akauliza kama saa 11 ni lazima, maana kwa sasa muda anaopata ni ule wa kusubiri maji bombani. Nikamwambia alfajiri aliichagua mwenyewe, anaweza kuchagua bomba. Kidaftari kikaletwa, akakata kile alichoandika mwezi wa kwanza, chini yake akaandika "leo, bombani, Zaburi moja".

Basi ndugu zangu, mkiwa jumuiyani na mtu akasema ameweka nadhiri ya kuacha soda, mwambieni taratibu, hapana dada, umeazimia.