Uzamivu wa saikolojia Marekani: dhana potofu kuhusu muda na gharama

Programu za uzamivu za saikolojia tiba, saikolojia ya ushauri nasaha na saikolojia ya shule nchini Marekani zina faida ambayo shahada nyingi hazina. Zile zenye ithibati ya APA, yaani Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, hulazimika kuanika hadharani wahitimu wao walimaliza kwa miaka mingapi, ada ni kiasi gani, wangapi waliacha njiani, wangapi walipata kituo cha utarajali (mafunzo ya kazini kabla ya kuhitimu) na wangapi wana leseni. Jedwali hilo halifichwi: liko mbofyo mmoja tu kutoka ukurasa mkuu wa programu, na husasishwa kila mwaka. Bado waombaji wengi, wakiwemo wanaoomba kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, hufanya uamuzi wa maisha kwa kusoma kipeperushi na kusikiliza walioko huko. Dhana zifuatazo ndizo zinazowagharimu zaidi.

Dhana: "Programu ni ya miaka 4. Imeandikwa hivyo kwenye tovuti."

Miaka 4 ni ratiba ya masomo kama kila kitu kitakwenda sawa. Kiwango cha chini cha APA ni miaka 3 ya masomo ya kutwa pamoja na utarajali, ambao huchukua mwaka mmoja wa kutwa au miaka miwili ya nusu siku. Kwa hali halisi, PhD ya saikolojia tiba huchukua kati ya miaka 5 na 7 ukihesabu utarajali, na PsyD, uzamivu unaolenga tiba kuliko utafiti, mara nyingi miaka 4 hadi 6.

Jedwali linatoa takwimu mbili za muda, na zote mbili zisomwe. Ya kwanza ni wastani wa kawaida. Ya pili ni miaka aliyotumia mhitimu wa katikati ukiwapanga wote kuanzia aliyewahi hadi aliyechelewa. Chukua mfano wa wahitimu 10 waliotumia miaka 5, 5, 5, 6, 6, 6, 6, 7, 9 na 12. Wa katikati ametumia miaka 6, lakini wastani ni 6.7. Pengo kama hilo linakuambia kuna watu walikwama vibaya, na unapaswa kuuliza walikwamia wapi. Chini ya takwimu hizo kuna asilimia: waliomaliza chini ya miaka 5, kwa miaka 5, 6, 7, na zaidi ya 7. Mstari wa mwisho ndio wa kukodolea macho.

Kuna mtego mwingine humo humo. Sehemu ya muda inahesabu waliohitimu tu. Aliyekaa miaka 6 kisha akaondoka bila shahada haonekani pale. Yeye yuko kwenye sehemu ya walioacha, iliyopangwa kwa mwaka wa kuanza masomo. Kundi la watu 20 ambamo 11 wamehitimu, 4 bado wanasoma na 5 wameondoka, limepoteza robo ya wanafunzi wake, hata kama waliohitimu walimaliza kwa miaka 5 kamili. Ila kwa programu ndogo ya PhD inayopokea watu 8, mmoja akihama tayari ni asilimia 12.5, kwa hiyo tazama miaka kadhaa mfululizo kabla ya kuhukumu.

Dhana: "Tasnifu ni kazi ya mwaka wa mwisho."

Hii ndiyo inayorefusha masomo kuliko nyingine zote, na sababu yake ni ya kalenda, haina uhusiano na akili ya mtu. Nafasi za utarajali hugawiwa mara moja kwa mwaka kupitia mfumo wa kuoanisha waombaji na vituo unaosimamiwa na APPIC, jumuiya ya vituo vya utarajali wa saikolojia. Maombi hutumwa miezi ya mwisho ya mwaka, usaili hufuata, matokeo ya awamu ya kwanza hutoka Februari na ya pili Machi, na kazi huanza katikati ya mwaka. Mkuu wa mafunzo wa programu yako lazima athibitishe kwamba uko tayari, na programu nyingi hazithibitishi mpaka pendekezo la tasnifu liwe limepitishwa na kamati.

Hesabu kinyumenyume. Utarajali ukiwa mwaka wa mwisho, maombi yanaondoka mwanzoni mwa mwaka wa 5 kama programu ni ya miaka 6, au mwanzoni mwa mwaka wa 4 kama ni ya miaka 5. Pendekezo lipitishwe kabla ya hapo. Kabla ya pendekezo kuna mtihani mkuu wa kufuzu, na kabla yake kuna kupata msimamizi na swali la utafiti. Mwanafunzi anayechelewa wiki 3 kupitisha pendekezo hapotezi wiki 3. Anapoteza mwaka mzima, kwa kuwa dirisha limefungwa.

Yanayochelewesha yanajulikana. Kibali cha kamati ya maadili ya utafiti kinarudishwa mara mbili au tatu kwa marekebisho. Washiriki wanaohitajika ni wagumu kupatikana, tuseme akina mama wakimbizi waliojifungua karibuni katika mji mmoja. Mjumbe wa kamati yuko likizo ya utafiti. Msimamizi anahamia chuo kingine. Dawa ambayo wanafunzi wenye uzoefu huitumia ni kutafuta data iliyokwisha kukusanywa, ama ya maabara ya msimamizi au hifadhidata ya taifa, ili mwaka usiliwe na kutafuta washiriki. Jambo jingine ni kujitahidi kutetea tasnifu kabla ya kwenda kwenye utarajali. Anayekwenda na sura mbili mkononi hurudi jioni amechoka baada ya saa nane za wagonjwa, sura zinabaki mbili, na chuo kinaendelea kumtoza ada ya kusajiliwa kila muhula.

Dhana: "PsyD ni fupi, kwa hiyo ni nafuu."

PsyD ilizaliwa Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1968 kwa ajili ya watu wanaotaka kutibu zaidi kuliko kutafiti, na mkutano wa wanasaikolojia uliofanyika Vail, Colorado, mwaka 1973 ukaipa uhalali mpana. Ni shahada halali kabisa, na leseni inayopatikana ni ile ile. Tatizo liko kwenye mlipaji. Programu nyingi za PsyD huendeshwa kwa ada ya wanafunzi, huku PhD nyingi za vyuo vikuu zikisamehe ada na kutoa posho ya kufundisha au kusaidia utafiti.

Sehemu ya gharama kwenye jedwali inaonyesha ada ya mwaka wa kwanza tu. Wengi huizidisha kwa 4 na kufunga daftari. Tufanye hesabu ya mfano. Ada ni dola 40,000 na inapanda asilimia 4 kila mwaka: 40,000, kisha 41,600, kisha 43,264, kisha karibu 44,995. Jumla ni kama dola 169,860, siyo 160,000. Ongeza kodi ya nyumba, chakula, usafiri na bima ya afya. Ukikadiria dola 25,000 kwa mwaka kwa miaka 5, minne ya masomo na mmoja wa utarajali, unapata 125,000. Umefika karibu dola 295,000, na riba haijaguswa. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la shahada hii lazima liwe na mstari wa kila mwaka hadi leseni.

Tena, mazoezi ya vitendo ya mwaka wa 2 na wa 3 kwa kawaida hayalipwi, na yanakula siku mbili au tatu za wiki ambazo ungefanya kibarua.

Dhana: "PhD ni bure."

Yenye ufadhili kamili inakaribia kuwa hivyo, lakini soma barua ya ufadhili neno kwa neno. Posho ni ya miezi 9 au 12? Kama ni 9, Juni hadi Agosti utakula nini? Ufadhili umehakikishwa kwa miaka mingapi? Programu inayohakikisha miaka 4 huku mhitimu wake wa katikati akitumia 6 imekuachia pengo. Toa mwaka wa utarajali unaolipwa na kituo, unabaki na mwaka mmoja wa kujitafutia. Msamaha wa ada unagusa na michango ya chuo, au michango unalipa mwenyewe? Bima ya afya imo? Posho yenyewe inakatwa kodi ya mapato.

Kwa mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni, kuna kizuizi cha ziada: wakati wa muhula haruhusiwi kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki. Nafasi ya usaidizi ya saa 20 imemaliza ruhusa yote. Anayepanga kujazia posho kwa kazi ya pili chuoni anapanga kuvunja masharti ya viza.

Dhana: "Pengo litazibwa na mkopo wa serikali."

Mikopo ya serikali kuu ya Marekani ni ya raia, wakaazi wa kudumu na makundi machache mengine. Mwanafunzi wa F-1 hayumo. Anaweza kutafuta mkopo wa benki, na mara nyingi ataombwa mdhamini aliye raia au mkaazi wa kudumu.

Hata kwa wanaostahili, mambo yamebadilika. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inafuta mkopo wa Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Mkopo huo ndio uliokuwa ukiwaruhusu wanafunzi kukopa hadi gharama yote ya masomo. Kuanzia tarehe hiyo kikomo kwa shahada za juu za kawaida ni dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Kwa zile zinazotambuliwa kuwa shahada za kitaaluma (professional), kama udaktari wa tiba, ni dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Rudi kwenye mfano wetu wa dola 295,000: hata kikomo cha juu kinaacha karibu dola 95,000 juu, na anayekopa 50,000 kila mwaka anaishiwa mwishoni mwa mwaka wa 4. Kwa hiyo swali la kwanza kwa ofisi ya fedha ya chuo ni programu yao iko kundi lipi, na jibu liwe la maandishi. Aliyekuwa tayari masomoni na amekopa kabla ya tarehe hiyo ana kipindi cha mpito kisichozidi miaka 3.

Dhana: "Utarajali ni mwaka wa kupokea mshahara, hauna gharama."

Unalipwa, lakini malipo ni ya mwanafunzi. Matokeo ya uoanishaji yanakubana: kituo kikikupata, unakwenda, hata kama ni jimbo la mbali. Unahama mwaka huu na huenda ukahama tena mwaka ujao, na lazima ubaki umesajiliwa chuoni.

Wageni wasome hapa mara mbili. Hospitali za maveterani, yaani askari wa zamani, ambazo ni miongoni mwa vituo vikubwa kabisa vya mafunzo ya saikolojia nchini, hutaka uraia wa Marekani, hivyo orodha yako ya vituo ni fupi kuliko ya mwenzako. Pili, utarajali wa F-1 hufanywa kwa kibali cha mafunzo kilicho sehemu ya masomo, kiitwacho CPT. Ukitumia CPT ya kutwa kwa miezi 12 kamili, unapoteza haki ya OPT, ile ruhusa ya kufanya kazi miezi 12 baada ya kuhitimu. Na OPT ndiyo inayotumika kukamilisha saa za kusimamiwa kwa ajili ya leseni. Zungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla tarehe za kibali hazijaandikwa. Zikishapita, hakuna wa kuzirekebisha.

Dhana: "Nina uzamili tayari, nitakatiwa miaka miwili."

APA inataka angalau miaka 2 kati ya ile 3 ya masomo ifanyike ndani ya programu yenyewe, na angalau mwaka mmoja uwe wa kuwapo chuoni kwa kutwa. Kwa mwenye uzamili wa Nairobi au Dar es Salaam, kinachowezekana ni kusamehewa baadhi ya kozi, kama takwimu au nadharia za haiba, baada ya mhadhiri kukagua muhtasari wa kozi na alama. Tunza muhtasari wa kila kozi uliyosoma. Cheti peke yake hakitoshi. Kusamehewa kozi 5 kunapunguza ada pale inapotozwa kwa krediti, ila mara nyingi hakupunguzi hata mwaka, maana foleni ya mazoezi, pendekezo na utarajali iko pale pale.

Dhana: "Nikihitimu, gharama zimekwisha."

Kila jimbo lina masharti yake ya leseni. California inataka saa 3,000 za kazi iliyosimamiwa, angalau 1,500 kati yake ziwe baada ya shahada. Washington haidai saa za baada ya shahada. Mtihani wa kitaifa wa leseni, EPPP, una maswali 225, na ada yake imekuwa dola 600 bila kuhesabu ada ya kituo cha mtihani, ya maombi ya jimbo, ya mtihani wa sheria za jimbo na ya alama za vidole. Mwaka huo wa kusimamiwa hulipwa pungufu ya mwanasaikolojia mwenye leseni, na mara nyingi ndio mwaka ambao marejesho ya mkopo yanaanza. Uweke kwenye daftari kama mwaka wa 6 au wa 7, kabla hujajibu barua ya kukubaliwa. Na kama unakusudia kurudi nyumbani moja kwa moja, iulize bodi ya nchi yako mapema inadai nini, ili usilipie Marekani saa ambazo hutazihitaji.